Jumamosi Saa Tatu, Bila Watoto

Ruiru,
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada yangu Nzilani,

Salamu kwako na kwa shemeji Nzuki, na kwa mbuzi pia, hata yule aliyekula kofia yangu Krismasi. Sisi huku tu wazima. Mutanu yuko gredi ya pili na amekuwa mwalimu wa nyumba nzima. Hata tukiomba kabla ya kula anatusahihisha. Kyalo aligonga mdomo kwenye stuli, jino la mbele likalegea, na sasa analionyesha kwa kila mgeni kabla ya kumsalimu. Mumo ametimiza mwaka mmoja na miezi mitatu. Huyo hakujifunza kutembea. Alisimama akaanza kukimbia.

Najua utashangaa mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye simu, akikuandikia barua kama mwanafunzi wa bweni. Lakini nyumba yetu ni ya vyumba viwili. Nikikupigia nikiwa sebuleni, Mutanu anasimama kando yangu akirudia kila neno. Nikitoka nje, jirani yetu Zubeida yuko kwenye kamba ya nguo. Kazini nikiwa nimeinamia friji ya mtu, mwenye friji amesimama nyuma yangu akitaka kujua itapona lini. Na simu yako wewe inapokewa na yeyote aliye karibu nayo. Kwa hiyo nimeongea na Mbithe wa huko kwenu, maana huleta mayai huku kila Ijumaa, na amekubali kuwa posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi na Ndinda hatugombani. Afadhali tungegombana. Tumekuwa kama walinzi wawili wanaopokezana zamu getini. Akirudi kutoka maabara ya hospitali ananikuta nimeshabeba mfuko wa spana. Namwambia Mumo amekunywa dawa, Kyalo hana soksi safi, gesi inaelekea kuisha. Ananiambia sawa. Naenda. Nikirudi, yeye ndiye ananisomea ripoti. Tukipishana kabisa tunaandikiana kwenye karatasi tuliyobandika mlangoni mwa friji. Wiki inaisha hivyo, nyingine inaanza hivyo.

Mwezi uliopita Ndinda alipewa nafasi ya kazi Kitale, asimamie maabara. Wanataka jibu kufikia mwisho wa Julai. Aliniambia akikunja nguo za watoto, wala hakuinua uso.

"Nikienda nitaenda na watoto," alisema. "Sitaki kwenda, Mwanzia. Lakini sitaendelea kukaa na mtu tunayepeana naye ripoti. Tafuta mtu tuketi naye, sisi wawili, atusikilize. Umtafute wewe. Nikimtafuta mimi utakuja kama mgeni."

Basi namtafuta. Wewe uko na akina mama wa kanisa na unawajua watu wengi Thika. Je, kuna mtu wa kusikiliza mume na mke ambaye habari zetu hazitatoka kwake? Halafu kuna shida ya pili, na hiyo ndiyo kubwa: hakuna saa ambayo mimi na Ndinda tuko huru sote na pia kuna mtu wa kubaki na watoto. Msichana wetu wa kazi aliolewa Desemba. Mama yake Ndinda amefanyiwa upasuaji wa goti, yuko Machakos, hapandi hata ngazi moja. Deikea, pale tunapomwacha Mumo mchana, hufungwa wikendi.

Nisaidie kuwaza.

Nduguyo,
Mwanzia


Gatuanyaga,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mwanzia,

Barua yako ilifika ikinuka mayai, maana moja lilipasukia juu yake, lakini maneno yanasomeka. Nafurahi mko wazima. Mwambie Mutanu asichoke kuwasahihisha. Mwambie Kyalo jino likitoka alitupe juu ya paa, asilitupe chooni kama ulivyofanya wewe ukalia siku nzima. Mumo mbusu kwa niaba yangu, kwa kuwa sijambeba tangu Krismasi.

Huku kukavu. Vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Nzuki ametundika mizinga miwili nyuma ya zizi na majirani hawana kazi nyingine ila kucheka kwamba mtu aliyepewa jina la nyuki hatimaye amewatafuta jamaa zake. Yeye hajali. Anakaa huko akiwatazama kama mtu anayetazama mpira.

Nimefikiria neno lako. Kuna Mzee Jeconia na mkewe Waceke, wako kanisa letu Thika, wamekaa kwenye ndoa miaka hamsini. Hupokea watu nyumbani kwao Jumamosi saa nne. Si watu wa kusambaza maneno. Nimewaambia mtakuja Jumamosi ya kwanza ya Machi. Vaeni vizuri, mfike mapema, na umwambie huyo mwenzako asije na uso wa hospitali.

Kuhusu watoto, nendeni nao. Mkewe Jeconia anapenda watoto.

Kula vizuri. Katika picha uliyotuma shingo yako imekuwa nyembamba.

Dadako,
Nzilani


Ruiru,
Jumapili, 16 Machi 2025

Dada yangu,

Poleni na vumbi, naona mawingu yameanza kujikusanya upande wenu. Sisi wazima. Jino la Kyalo limetoka na liko juu ya paa la Zubeida, kwa sababu letu alilikosa.

Tulienda kwa Mzee Jeconia. Tulivaa vizuri. Tulifika mapema. Mzee alituombea, kisha akatuuliza tulikutana vipi. Ndinda alipofungua mdomo, Mumo akavuta kitambaa cha meza na trei ya vikombe ikaja nacho. Tukaokota. Tulipoketi tena Kyalo hakuwepo. Alikuwa amejifungia chooni na komeo limekwama, analia kwamba atakulia humo. Nilitoa bisibisi nikafungua kitasa chote. Ilinichukua nusu saa, na Mzee Jeconia alisimama nyuma yangu akitaka kujua kama naweza pia kumwangalizia friji.

Wakati huo wote Mutanu alikuwa amekaa na mama Waceke, mikono mapajani, akimweleza kwamba baba na mama huongea kwa kuandika kwenye friji.

Nilipomaliza, Mzee akasema basi atatusimulia ndoa yake ili tujifunze. Alianza mwaka wa 1974. Ni mtu mwema, Nzilani, na anasimulia vizuri. Ila alipofika mwaka wa 1981 ilikuwa saa saba na watoto wanalia njaa, ikabidi tuage.

Tulitembea hadi barabarani, mimi na Mumo mgongoni, Ndinda akiwavuta wale wengine. Mara nikasikia sauti nikadhani Ndinda analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

"Tukirudi mara mbili," alisema, "tutafika mwaka ambao mimi nimezaliwa."

Nami nikacheka. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulicheka pamoja kwa jambo lile lile. Kwa hiyo usidhani ulikosea kututuma. Lakini hatujaketi na mtu bado, na Julai inakuja.

Msalimie shemeji. Nyuki hawajamuuma?

Mwanzia


Gatuanyaga,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Mwanzia,

Nimemsomea Nzuki sehemu ya chooni naye amecheka mpaka akakohoa. Mama Waceke aliniambia kanisani kwamba mna watoto wachangamfu. Alisema "wachangamfu" mara mbili.

Mvua imefika. Tumepanda mahindi na pojo. Nyuki walimuuma shemejiyo kwenye sikio na kwa siku tatu alikuwa na sikio la mtu mwingine.

Sasa nikuulize. Katika jengo lile lote mnaloishi hakuna mtu wa kukaa na watoto watatu kwa saa mbili? Huyo Zubeida je? Hapo kazini kwa mwenzako hakuna mtu wa zamu ya mapumziko? Mimi usinitaje. Ningekuja bila kuitwa mara mbili, unajua hivyo, na wale watoto ni damu yangu. Lakini unajua pia nilivyotoka kwenye nyumba ile, na wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia msimamo wake. Miaka minne sasa nimeuheshimu. Siendi mahali nisipotakiwa.

Endelea kutafuta. Usichoke. Mama yetu, mwaitu, alikuwa akisema wewe ndiye mtoto wake anayeanza vitu vingi, na alisema kwa upendo, lakini alisema.

Dadako,
Nzilani


Ruiru,
Jumapili, 4 Mei 2025

Dada yangu Nzilani,

Nashukuru kwa pojo mlizotuma na Mbithe. Zimeliwa zote. Mutanu amefunga shule na kufungua, na ripoti yake inasema anaongea sana darasani, jambo ambalo halikumshangaza yeyote.

Nimetafuta kweli. Sikiliza. Nilipata kliniki moja ya ushauri kule Juja, ikatupa Jumanne saa nane mchana. Ndinda akabadilishana zamu na mwenzake wa maabara, Nelima. Mimi nikaahirisha wateja wawili. Tulikuwa tumefika karibu na Juja deikea ikapiga simu kwamba Mumo ana homa. Tukageuza. Homa ilikuwa ni meno.

Nikapata mwingine wa kwenye simu, wa video. Tukachagua Jumapili saa nane kwa sababu saa hiyo watoto hulala. Wawili walilala. Mutanu alikuja akaketi katikati yetu, akamtazama yule mshauri, akamwambia maikrofoni yake imezimwa. Na kweli ilikuwa imezimwa. Alipoiwasha, Mumo akaamka.

Usicheke bado. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natengeneza friji ya mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la sare za shule hapa Ruiru. Anaitwa Carolyne, ana miaka kama hamsini na mitano, na kazi yake ni hiyo hiyo tunayoitafuta. Nilipofunga kifuniko cha friji nilimweleza shida yetu nikiwa bado nimepiga magoti sakafuni. Ana masharti yake. Wanandoa huwaona Jumamosi saa tatu, bila watoto.

"Watoto wakiwepo mtaongea kama wazazi," alisema. "Hiyo lugha mnaijua. Mimi nataka niwasikie mkiongea ile nyingine."

Nilimwambia hatuna mtu wa kuwaachia. Akasema basi tuanze mmoja mmoja mpaka tumpate. Kwa hiyo Ndinda huenda Jumatano akitoka zamu, mimi naenda Alhamisi saa ya chakula. Anayebaki anakaa na watoto. Hatuambiani tulichosema kule, lakini jana Ndinda aliandika kwenye friji, chini ya neno "maziwa", kwamba chapati zangu zilikuwa nzuri. Nimeiacha karatasi hiyo pale pale.

Nimechelewa kuandika, nisamehe. Kazi.

Mwanzia


Gatuanyaga,
Jumapili, 1 Juni 2025

Mwanzia,

Huku tu wazima, mahindi yamefika kiunoni. Huyo Carolyne anaonekana mtu wa maana. Kuhusu chapati, umejifunza kwangu, na kama mtu anazisifu hajui anamsifu nani.

Barua yako niliisoma yote nikarudia. Niliandika neno kuhusu mimi na nyumba yako nawe umelipita kama mtu anayepita mbwa aliyelala. Mwezi mzima sasa hujaandika tena. Mbithe anasema anakuona, uko mzima, unamwambia "wiki ijayo".

Unaficha nini?

Nzilani


Ruiru,
Jumapili, 22 Juni 2025

Dada yangu Nzilani,

Watoto ni wazima. Ndinda ni mzima. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo kwa sababu ndani sina pa kukaa na barua hii.

Alhamisi moja Carolyne aliniuliza, "Kwani huna ndugu wa kukaa na watoto saa mbili tu?"

Nikasema nina dada Gatuanyaga, lakini yeye na mke wangu hawaelewani. Mke wangu hamtaki nyumbani.

"Alisema hivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa maneno gani?"

Dada, niliyatafuta hayo maneno nikayakosa. Yule mama hakuniharakisha. Mwisho akasema, "Hilo swali usinijibu mimi. Wajibu wenye haki ya kujibiwa."

Kyalo alikuwa na wiki tatu, unakumbuka. Ulikuwa umekuja kutusaidia. Ulimpa mtoto maji ya sukari, na Ndinda akakwambia mbele ya wageni kwamba hapa ni kwake na mtoto ni wake. Ukachukua mkoba wako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai mkononi. Sikumwambia yeye neno, sikukwambia wewe neno. Ulipita kando yangu ukashuka ngazi.

Haya mengine huyajui. Siku ya tatu yake Ndinda aliniambia, "Mpigie dada yako. Mwambie nilikuwa nimechoka, nilisema vibaya, arudi." Nikakupigia. Ulipopokea ulikuwa na hasira, nikaogopa kwamba ukirudi mtaanza upya na mimi nitatakiwa kusema niko upande gani. Nikakwambia Ndinda bado hataki kukuona. Kisha nikamwambia yeye kwamba umekataa, umesema hutakanyaga tena pale.

Hakuna kati yenu aliyesema hivyo. Ni mimi niliyesema, mara mbili.

Nilidhani ni kwa wiki moja tu. Nilijiambia mkitulia nitarekebisha. Ikawa mwezi, ikawa mwaka, na kila nilipotaka kusema niliona nimechelewa zaidi. Na nitakwambia lililo baya kuliko yote: nilikuwa napata nafuu. Mliponyamaza nyinyi wawili hakuna aliyeniuliza tena kwa nini mimi nilinyamaza pale mlangoni.

Nilimwambia Ndinda Jumapili iliyopita tukianika nguo. Hakupiga kelele. Alimaliza kuanika shati alilokuwa ameshika, akaniuliza, "Miaka minne? Nimemzaa Mumo bila mtu wa kunipikia uji, na dada yako yuko hapo Gatuanyaga akidhani nimemfukuza?" Kisha akaingia ndani. Kwa siku mbili hakuandika hata kwenye friji. Siku ya tatu nikakuta maneno haya: "Mwandikie Nzilani. Usimwombe chochote."

Kwa hiyo sikuombi chochote. Nakwambia tu kwamba nilikukosea na niliendelea kukukosea kila mara nilipokuja Krismasi na watoto nikakudanganya kwamba mama yao yuko zamu. Baadhi ya siku hizo hakuwa zamu. Alikuwa nyumbani peke yake.

Carolyne ametuandikia sote wawili pamoja Jumamosi tarehe 19 Julai, saa tatu. Zubeida amesema atajaribu kukaa na watoto ikiwa hatasafiri kwenda arusini.

Mwanzia


Gatuanyaga,
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mwanzia,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa zizini. Mbithe yuko mlangoni ananisubiri na kila ninachoandika nakifuta.

Nzilani


Ruiru,
Jumapili, 20 Julai 2025

Dada yangu Nzilani,

Natumaini ulifika salama jana na kwamba Nzuki hakuwa amelala njaa.

Nakuandikia mambo uliyoyaona mwenyewe kwa sababu hukuniruhusu kuyasema. Zubeida alisafiri Alhamisi. Ijumaa nilimwambia Ndinda labda tumwombe Carolyne atupe tarehe nyingine, naye akanitazama akasema, "Julai haina tarehe nyingine." Tulikuwa tumepanga aende yeye peke yake. Jana saa moja na nusu asubuhi mlango ukagongwa, akaenda kufungua akiwa na Mumo kiunoni.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia sauti yako ikisema, "Nimekuja kukaa na watoto. Mnatakiwa saa tatu."

Nilisikia Ndinda akisukuma mlango ukafunguka wote. Kisha nikamsikia akisema, "Mumo hanywi maziwa ya ng'ombe. Yanamharisha."

Nawe ukasema, "Niandikie kwenye karatasi kila kitu asichokula. Nitafuata."

Nilibaki jikoni, dada. Naona aibu kuandika hivi lakini nilibaki pale nikisafisha kikombe kimoja. Nilipotoka, Ndinda alikuwa ameshakupa mtoto, na Mumo alikuwa ameshakuvua kitambaa cha kichwa.

Carolyne alitutaka kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja lisilohusu watoto. Tulikaa kama wanafunzi ambao hawakusoma. Mwisho nikamwambia Ndinda kwamba siku nyingi huwa nachelewa kutoka makusudi, ili nimwone akiingia, hata kama ni kwa ajili ya ripoti tu.

"Mimi nilidhani ni uvivu," alisema.

Carolyne hakuweza kuzuia kicheko. Kisha Ndinda akasema lake, akinitazama. "Ukinyamaza nikiwa nimekukosea, naweza kuvumilia. Lakini wewe hunyamaza nikiwa nakuhitaji. Mlangoni siku ile nilikuhitaji. Hata dada yako alikuhitaji." Hapo sikunyamaza. Sikusema vizuri, lakini nilisema. Saa mbili zilikwisha nikadhani ni dakika ishirini.

Tuliporudi watoto walikuwa wamekula na Mutanu anakufundisha majina ya sayari. Halafu wewe na Ndinda mkaingia jikoni mkafunga mlango. Nilihesabu dakika arobaini. Nilisikia mmoja wenu amepandisha sauti, sikujua ni nani. Mutanu alitaka kwenda kusikiliza nikamshika gauni. Kisha nikasikia maji yakifunguliwa, na sufuria, na mkicheka wote wawili, na nadhani mlikuwa mnanicheka mimi.

Ulipotoka ulinipita ukaniambia maneno mawili: "Wewe bado." Ukaenda.

Mlisema nini mle ndani? Na "bado" maana yake nini?

Mwanzia


Gatuanyaga,
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Mwanzia,

Nilifika salama. Nzuki alikuwa amepika ugali mgumu wa kujengea nyumba, akala na asali. Amevuna mara ya kwanza, chupa sita. Moja ni ya Mzee Jeconia kwa ajili ya vikombe vyake.

Tulichosema jikoni sitakwambia. Nitakwambia langu tu. Nilimwambia Ndinda kwamba maji ya sukari nilimpa Kyalo baada ya yeye kunikataza mara mbili, na mara ya pili nilingoja aende kuoga. Hilo hukuliandika katika barua yako kwa sababu hukulijua, na mimi kwa miaka minne nililisimulia kana kwamba halikuwepo. Nilikuwa nimelea wadogo zangu wanne na sikutaka kuambiwa kitu na msichana mwenye mtoto wa pili. Mimi pia nilikuwa na sehemu yangu. Yeye alisema yake. Kisha tukaosha vyombo. Ndiyo, tulikucheka. Ulivyosimama na lile birika, hata hukulitua chini.

"Wewe bado" maana yake bado nina hasira na wewe. Ya Ndinda imekwisha, yako haijaisha. Mwaka ule wote aliozaliwa Mumo nilikaa hapa nikijiambia siendi mahali nisipotakiwa, na kumbe kulikuwa na mtu ananingoja. Barua yako ilikuwa nzuri, lakini karatasi ni rahisi kuiandikia. Jumapili ya tarehe 10 njoo peke yako. Utaketi nami zizini na utasema yote yale kwa mdomo, nikikutazama. Ukimaliza utakula. Nitachinja kuku, kwa hiyo usikae ukidhani unakuja kufungwa.

Jumamosi nitakuja kila wiki ya pili mpaka Carolyne aseme mmetosha. Nzuki amekubali, anasema nyuki wanampa kampani. Mutanu ameniwekea ratiba, nimepewa mtihani wa sayari tarehe 16. Mkitoka kwa Carolyne msirudi mbio. Tembeeni kidogo, mnunue mahindi ya kuchoma, mkae mahali. Watoto hawatanila.

Ndinda alinipigia Jumatano asubuhi kunieleza alichowajibu watu wa Kitale. Nilimuuliza kama wewe unajua, akasema alikwambia usiku wa kuamkia siku hiyo mkiwa mezani, kwa mdomo, na kwamba ulisimama ukaketi ukasimama tena. Nimefurahi mnabaki. Nimefurahi pia kwamba ameomba hospitali yake impunguzie zamu za wikendi badala ya kwenda mbali kutafuta nafuu.

Nimenunua simu nyingine, naiweka mfukoni mwa aproni na hakuna anayeipokea isipokuwa mimi. Namba yake anayo Ndinda. Mbithe anaachishwa kazi ya posta kuanzia leo. Anasema mayai peke yake yanamtosha. Ukitaka kujua habari za Gatuanyaga, muulize mke wako.

Dadako,
Nzilani